Mwaka Niliokaa kwa Mtani Wangu Ng'ambo

Kundi letu la simu, la tuliosoma uchapaji na ukarani Tabora, lina watu kumi na wanane, na wote kumi na wanane ni hodari wa kutoa maoni. Mwaka huu walipoamua tukakutane kule kule tulikosomea, kabla hatujaanza kuzikana mmoja mmoja, walinituma mimi nitangulie siku mbili nikawatafutie mahali pa kulala. Sababu yao ni kwamba wenzangu wote walikaa bwenini, mimi peke yangu nilipanga mtaani, kwa hiyo mimi ndiye ninayeujua mji. Nilikubali, maana kukataa kungeleta maswali. Basi maombi yakaanza kumiminika. Mmoja anataka maji ya moto kwa ajili ya magoti yake. Mwingine hataki ngazi. Mwingine, ambaye ujanani alikuwa analala na viatu ili awahi foleni ya chai, siku hizi hapati usingizi pasipo kiyoyozi. Na yule mstaafu wa wizara, aliyejiteua kuwa msemaji wetu, akaandika kwamba yeye anataka nyumba yenye historia. Hiyo niliisoma nikiwa ndani ya treni, tumeshaipita Manyoni, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa mbele yangu akanitazama. Historia ya Tabora ninayo mimi, nilijisemea, na sina hamu ya kuilalia tena.

Asubuhi niliyofika nilianza kazi. Hoteli ya kwanza ilikuwa karibu na stesheni, mpya, vigae vinateleza na rangi bado inanuka, na televisheni kubwa kuliko kitanda. Ya pili ilikuwa hosteli ya masista, safi mpaka unaogopa kukanyaga, lakini geti linafungwa mapema na nikikumbuka baadhi ya wenzangu na koo zao nilijua patatokea ugomvi. Nikakaa kwenye mgahawa, nikaagiza chai ya maziwa na chapati, nikaanza kutafuta pa tatu kwenye simu. Ndipo ikatokea: Msafara, nyumba ya wageni, mtaa wa Ng'ambo, vyumba vya kale vilivyokarabatiwa. Nikabonyeza picha. Picha ya kwanza ilikuwa baraza, ya pili ukumbi mrefu wenye milango kulia na kushoto. Sikuhitaji ya tatu. Kikombe nilikirudisha mezani. Mlango wa kwanza kulia ni chumba nilichokaa mimi nikiwa na miaka ishirini. Mlango wa pili kulia, chumba ambacho wao wamekisifu kuwa ni kikubwa na chenye ubaridi mzuri, ndicho alichofia mwanamke aliyeniita nimsaidie nami nikakataa kwenda. Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote ana kwa ana, hata marehemu mume wangu, ambaye nilikuwa namweleza mpaka ndoto zangu.

Mwaka ule nilishuka Tabora na sanduku la bati na barua ya chuo iliyosema mabweni yamejaa, mwanafunzi ajitafutie malazi. Karani wa chuo akanionea huruma, akaniandikia majina mawili kwenye kipande cha karatasi, akaniambia niache sanduku stesheni nikatazame kwanza. Jina la kwanza lilikuwa Bi Salma, mama wa makamo ambaye babu zake walitoka Omani kufanya biashara enzi za misafara, wakabaki. Nyumba yake ilikuwa mjini, karibu na msikiti, kuta nene kama ngome, ukivuka kizingiti jua lote unaliacha nje. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanikalisha kwenye mkeka, akanipa tende na kahawa. Chumba alichonionyesha kilikuwa na kitanda cha besera chenye nguzo nne, chandarua cheupe, birika la kutawadhia na dirisha la kuangalia uani kwake, ambako mjukuu wake alikuwa anasoma Kurani kwa sauti ndogo. "Wewe binti wa Kiislamu na mimi Mwislamu," alisema, "hapa umefika kwenu. Sharti langu moja tu, magharibi isikukute nje." Kila kitu pale kilikuwa sawasawa. Mtu mwenye akili zake timamu angeweka sanduku chini na kushukuru Mungu. Mimi nikasema ngoja nikaone na pale pengine, kwa heshima ya karani tu, nitarudi alasiri.

Pale pengine palikuwa Ng'ambo, nyumba ya matofali mabichi na bati lenye kutu, kati ya fundi baiskeli na fundi cherehani. Barazani alikaa mwanamke mnene juu ya kigoda, miguu ameitandaza, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Huyu watu walimwita Mama Nyamizi, kwa jina la binti yake. Nikamwamkia kwa adabu zote za pwani. Akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kisarawe. Kisu kikasimama. "Mzaramo?" Nikasema ndiyo, mama. Akaangusha kisu kwenye beseni, akapiga kofi mapaja yake. "Nyamizi! We Nyamizi, toka uone! Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani wakachubuka mabega, leo mzigo umekuja wenyewe, tena una miguu!" Ng'ambo nzima iligeuka. Mimi ulimi wangu tangu utotoni haujui kukaa mdomoni, nikasahau adabu yote. Nikamwambia nimetumwa na ukoo wetu kumtafuta mpagazi wetu aliyetoroka, na kwa jinsi alivyonenepa kwa michembe naona ni yeye, na sanduku langu liko stesheni, ainuke akalibebe. Nilipomaliza kusema ndipo nikashtuka. Mtu mzima, makamo ya mama yangu, simjui wala hanijui. Akaweka beseni kando. Kisha akainuka, akajifunga kitenge kiunoni, akaenda nami stesheni kweli, akalitwika lile sanduku kichwani, akarudi nalo kupita katikati ya soko huku anatangaza, "Pisheni, pisheni, Mzaramo anapita, amekuja na matambara yake!" Binti yake Nyamizi, mwenye umri kama wangu, msichana wa maneno machache, alikuwa anatufuata nyuma amejifunika uso kwa kanga kwa aibu. Kwa Bi Salma sikurudi alasiri ile, wala sikutuma salamu.

Watu wengine huchagua mahali pa kulala kwa sababu ya maji, au kitanda, au usalama. Mimi nilichagua kwa sababu ya tusi. Sasa hivi nikiwaza naona haikuwa ujinga mtupu. Msichana aliye peke yake mjini kwa watu, anayepata mtu wa kumtukana tangu saa ya kwanza na asikasirikiwe akirudisha, amepata zaidi ya chumba. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi nilikuwa nausikia kwetu misibani, kwenye mdomo wa wazee. Sikujua kwamba unaweza kupika na kupakua, na kukuuliza kama umelala salama. Tulikubaliana bila kusema kwamba hatutaitana majina. Mimi kwake Mtani, yeye kwangu Mtani, na Nyamizi katikati akawa hakimu asiyesikilizwa.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kigae, na dirisha dogo. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta kati yangu na Mtani ulipanda mpaka usawa wa mtu mrefu ukaishia hapo, juu yake hewa tupu mpaka kwenye bati, kwa hiyo hakuna kilichosemwa chumba kimoja kisifike cha pili. Asubuhi nilimsikia anasali kwa Kinyamwezi, maana alikuwa Mmoraviani wa kweli kweli, kisha anasafisha koo, kisha ananiamkia, "Mwangaluka, Mtani. Umeamka au tukuchimbie?" Jioni nilisikia wanakwaya wenzake ukumbini wakisengenya sauti ya mwenzao mmoja, halafu wanageukia habari za waume, halafu wanashusha sauti na kuhamia Kinyamwezi, na katikati ya maneno nisiyoyajua linachomoza neno Mzaramo, na kicheko. Nilikuwa nagonga ukuta kwa kiatu. Chakula chake nilikinunia wiki ya kwanza tu. Ugali wa mtama na mlenda, nsansa, yale majani ya mboga yaliyokaushwa, zilizopikwa na karanga, mvua zikianza uyoga wa porini uliojaa sufuria, na Jumapili wakitoka kanisani, wali wa mchele wa Igunga ambao Nyamizi alikuwa anauuza sokoni. Mara moja nililalamika hakuna nazi. Akaniambia nazi ataniagizia, anipasulie kichwani. Na ulipofika Ramadhani, mwanamke huyo wa kwaya alikuwa ananipikia futari ya viazi na uji wa pilipili manga, anauweka mezani kwangu na kusema, "Kula, mnafiki, nimekuona mchana unameza mate." Chuoni niliwasimulia wenzangu wa bwenini, wakawa wanakuja Jumapili kusikiliza matusi kama watu wanaokuja kusikiliza redio.

Katika michezo yetu yote, uliokuwa mkubwa ni wa kufa. Sijui nani aliuanzisha. Akichoka kufua, anajitupa mkekani, anaita, "Mtani, nakufa, njoo unifumbe macho!" Nami najibu kutoka nilipo kwamba afe upesi, chumba chake nimeshakipatia mpangaji. Akitaka maji ya kunywa, anakufa. Akitaka nimkune mgongo, anakufa. Mimi nikipata homa, anakuja na uji, anasimama mlangoni anapima urefu wangu kwa macho na kusema mbao hazitatosha, tutamkunja. Mara nyingi niliinuka nikaenda, nikamkuta anacheka, amekwishanisogezea kigoda. Mara nyingine nilikuwa na kazi, nikamtukana, akanyamaza, baadaye akatoka mwenyewe kunywa maji yake. Kila mara alikuwa anaapa kwamba safari hii ni kweli. Neno kweli lilikuwa sehemu ya mchezo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, mtaa umetulia na hata fundi cherehani amelala juu ya mashine yake. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa hati mkato. Nimekaa kitandani, daftari magotini, natafsiri barua ya biashara ya watu wasiokuwapo. Kutoka upande wa pili nikasikia, "Mtani."

"Nini?"

"Njoo. Nakufa."

"Kufa basi, mbona unachelewa? Jeneza limefika tangu asubuhi."

"Kifua, Mtani. Kweli."

Nilikuwa katikati ya mstari. Nakumbuka mstari wenyewe, kuhusu magunia ya karanga yatakayofika bandarini. Nikasema bila kuinua kichwa, "Mpagazi mzima unashindwa na kifua kitupu! Tua mzigo, upumzike." Nikasikia sauti kama anabana kicheko. Nami nikacheka, nikajiona nimempiga pazuri. Nikamaliza ukurasa huo, nikamaliza na wa pili. Ndipo Nyamizi akaingia kwa mlango wa mbele na kapu lake tupu, akapita ukumbini akiimba kidogo, akafungua mlango wa mama yake. Ule ukelele hadi leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. Nilikimbia nikamkuta Mtani ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta wetu ule ule, mkono mmoja umeinuliwa umebaki ukutani, kiganja wazi. Alikuwa ananigongea. Kile nilichodhani kicheko kilikuwa kucha zake ukutani. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa, daftari mkononi, na jambo la kwanza kichwani mwangu, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba ataamka sasa hivi anicheke.

Tulimzika Kwihara, kwenye shamba la kwao, kando ya njia ile ile ambayo babu zake walipita na mizigo. Watu wa kanisa waliimba, mchungaji akasoma, kisha kaka yake, mzee mrefu mwenye koti jeusi, akasimama akauliza kwa sauti, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Dada yangu hawezi kushuka kimya kimya, hakuishi hivyo." Macho yote yakanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa Mzaramo pekee pale. Nilitikisa kichwa, nikarudi nyuma. Shangazi mmoja akanishika, akanifunga kitenge cha marehemu, akanivika kilemba chake cha kwaya, ananiambia sikioni kwa upole, "Binti, usituache tulie tu. Hii ndiyo kazi yako." Na ni kweli, ndiyo kazi ya mtani. Mfiwa analia, mtani anamchekesha, msiba unabebeka. Nikasukumwa mbele mpaka ukingoni mwa kaburi. Nikafungua mdomo nikiwa sijui kitakachotoka, kikatoka kile kilichokuwa kimejaa. Nikaweka mkono kifuani, nikalegeza sauti kama yake. "Mtani! Njoo, nakufa!" Kicheko kikalipuka. Waliijua sauti ile. Nikageuka, nikawa mimi. "Kufa basi, mbona unachelewa?" Wakashikana mabega. Nikasema, "Jamani, aliniita. Juzi mchana, aliniita kweli." Wakacheka. "Alisema kifua. Nikamwambia atue mzigo." Wanawake wa kwaya walikuwa wanajifuta machozi, wengine wamekaa chini mbavu zinawauma. Nikapiga kelele, "Nimemwacha akafa! Nilikuwa nasoma!" Na yule kaka yake, amejiinamia kwa kicheko, akanyoosha fimbo yake kwangu akasema, "Huyu! Huyu ndiye mtani!" Wakanitupia vitenge na kuniombea baraka.

Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, lakini mshtuko wa saa ile haujapata mwenzake. Nilikiri mbele ya watu zaidi ya mia, neno kwa neno, na hakuna aliyenisikia. Walinisikia kama mimi nilivyomsikia yeye. Mtu mmoja tu hakucheka. Nyamizi alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, midomo imemkauka, ananitazama kwa macho ambayo sikuyavumilia. Nilijua kwamba yeye amenielewa. Matanga yalipokwisha, akanikuta barazani nafagia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Zena, tafuta pengine pa kukaa." Ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu. Sikuuliza sababu. Nilijitwika sanduku langu mwenyewe.

Miezi iliyobaki nilikaa kwa Bi Salma, ambaye hakuniuliza kwa nini sikurudi alasiri ile. Kitanda cha besera, chandarua, mchuzi wa nazi anaonipikia ili nisikonde, na kuta zisizopitisha hata kikohozi. Watu wote nyumbani mle walinisemesha kwa upole, nami nilikuwa nalia kwa huo upole. Nilifaulu mitihani, nikarudi pwani, nikaajiriwa, nikaolewa. Watoto wangu wananicheka kwamba mama ukimwita mara moja tu amekwishasimama mbele yako, hata kama ana sabuni mikononi, hata kama anaswali anaharakisha. Wanadhani ni tabia yangu tu.

Basi nililipa chai yangu nikatembea mpaka Ng'ambo. Fundi baiskeli siku hizi ni fundi bodaboda. Barazani pamewekwa vigae na viti vya plastiki, ukumbini wametundika picha za zamani za wapagazi wamebeba pembe, na juu wamepiga dari nyeupe, sauti zimefungiwa kila moja chumbani kwake. Nyuma ya meza ya mapokezi aliketi Mtani. Nilishika ukuta. Unene ule, mkao ule, miguu imetandazwa vile vile. Akavua miwani akanitazama, nikaona ni Nyamizi, amezeeka akawa mama yake. "Zena," alisema. Hakushangaa. Akasema alikuwa anajua kwamba siku moja nitakuja kumaliza maneno yangu. Akafunga daftari la wageni, akaleta chai, tukakaa kwenye kochi la ukumbini kama watu waliokuja kupatana bei ya vyumba. Nikamwambia kwamba nimekuja kutafutia wenzangu malazi. Akasema vyumba vipo. Kisha nikayasema, kwa mara ya pili maishani, safari hii kwa sauti ndogo na bila kilemba cha mtu: kwamba mama yake aliniita, kwamba nilidhani ni mchezo, kwamba nilimwambia atue mzigo, kwamba najua alielewa siku ile ya mazishi na ndiyo maana akanifukuza, na kwamba sikuja kuomba chochote.

Nyamizi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Hukumsikia peke yako," alisema.

Sikuelewa. Akanyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma.

"Nilikuwa uani. Napepeta mchele. Nilimsikia mama anakuita, nikakusikia unamjibu. Alivyosema kifua, nilisikia. Ulivyosema atue mzigo, nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikauzoa, nikatoka kwa mlango wa uani nikaupeleka sokoni. Tena niliwasimulia wenzangu sokoni, Zena. Niliwaambia leo wale wawili wamefikia hatua ya kuzikana. Tulicheka pale wote. Ndipo nikarudi."

Miaka yote hiyo picha yangu ya siku ile ilikuwa na watu wawili, mmoja anaita na mmoja anakataa. Sasa nikamwona wa tatu, na ungo mkononi, hatua kumi kutoka mlangoni.

"Pale kaburini," aliendelea, "uliposema alikuita kweli, ulikuwa unanitazama mimi. Kwa hofu nilidhani uliniona uani kupitia dirisha lako. Nikasema huyu amejua, na siku moja atasema bila utani, na watu watauliza mtoto wake alikuwa wapi. Nikakuondoa."

"Dirisha langu lilikuwa linaangalia mtaani," nilisema.

"Najua. Wiki ile ile niliyokuondoa niliingia kufagia chumba chako. Nikasimama dirishani. Unaona mtaa tu, na fundi cherehani. Nikajua hukuniona, na kwamba pale kaburini ulikuwa unajisema mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Ulikuwa kwa Bi Salma, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sikuja."

Hapo nilikasirika. Sikutarajia hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiyo, ikanipanda mpaka kwenye masikio. Nilimwambia kwamba nimebeba maiti ya mama yake peke yangu tangu nikiwa msichana, nimeibeba mpaka kwenye ndoa yangu, wakati yeye anajua mzigo una watu wawili. Nikamwambia ni mwoga. Akaitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayehesabiwa vitu ambavyo ni vyake. Nilipoishiwa, akauliza, "Angepona? Kama mmoja wetu angeinuka?" Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, na kwamba alimwuliza daktari mmoja aliyelala hapa mwaka juzi, akijifanya anauliza habari ya jirani, na daktari akasema inategemea. Tukaitafuna hiyo inategemea, sote wawili, chai ikapoa.

Wenzangu niliwaandikia kwamba watalala hoteli ya karibu na stesheni, maji ya moto yapo na ngazi hamna. Mstaafu wa wizara akalalamika kwamba nimemnyima historia. Nilikwenda kuchukua mkoba wangu niliouacha stesheni, nikarudi Ng'ambo, nikamwambia Nyamizi anipe chumba cha pili kulia. Akashika ufunguo bila kuutoa. Akasema humo kila mgeni amelala, ila yeye mwenyewe hajawahi, huingia kutandika akatoka. Kisha akachukua mto kutoka chumbani kwake, tukaingia pamoja. Lilikuwa jua la saa nane, mtaa umelala. Tulijinyoosha kitandani vikongwe wawili na viatu tumevivua, kila mmoja na ukingo wake, uso juu kwenye dari nyeupe. Niliwaza kwamba yule pembeni yangu naye ni Mnyamwezi, mtani wangu kwa haki zote, na kwamba kulikuwa na mambo mia ya kumwambia kuhusu unene wake na mkoromo wake. Hatukutaniana hata neno moja. Ukumbini mtu akaita hodi, mgeni tu anayetaka chumba, na sote wawili tukaruka kwa pamoja.